Karatasi Niliyobandua kwenye Saa ya Mwamuzi

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, ilikuwa Jumamosi, nami nilikuwa na miaka kumi na tisa na imani kwamba hakuna chenye skrubu kinachoweza kunishinda. Shule niliiacha mapema. Nilikuwa nimebeba magunia Sange, nimechekecha mchanga wa dhahabu Mwenga, na kila mahali nilifungua kilichofungwa nione ndani mna nini. Kuzurura kukanifikisha soko la Kadutu, kwenye meza ya Papa Mushagalusa, fundi wa saa, mtu mpole aliyeshinda na miwani myeusi aliyopewa na dereva wa lori.

Siku hiyo alikwenda Nyantende kumsalimu mama mkwe. Aliniachia meza na neno moja: "Pokea tu kazi. Hapana fungua kitu."

Hajafika mbali, akaja Papa Cubaka, mwamuzi wa mpira. Kesho yake vijana wa Cimpunda wangecheza fainali na wa Nyantende, zawadi mbuzi. Mwaka uliotangulia fainali iliishia kwa mawe, kila upande ukidai dakika zake. Kwa hiyo wazee walikubaliana: safari hii dakika ni zile za saa ya Papa Cubaka, saa ya tarakimu, basi.

"Kijana, unisafishie kioo," akasema. "Kesho nitaangalia hii saa kuliko bibi yangu wa ndoa."

Nikaifungua, ingawa nilikatazwa. Chini ya kioo nikakuta karatasi nyembamba ya plastiki, ya kijivu, imeota madoa. Unawajua watu wetu: mtu akinunua redio, nailoni ya kiwandani haitoi hata miaka mitano, ili wageni waone ni mpya. Nikajisemea, huyu muzee naye ni walewale. Nikaibandua, nikaitupa mferejini, gundi nikaifuta kwa petroli. Saa ikang'aa! Ila tarakimu hazikuwepo.

Papa Cubaka aliporudi nilimwambia bila kupepesa, "Papa, pile ilikufa. Urudi jioni." Njia ya mwongo ni fupi: nilitia betri mpya, hiyo pile niliyoisingizia, kioo kikabaki kitupu.

Alasiri fundi wangu akafika, akaiokota saa, akabonyeza vitufe kuirekebisha. "Iko saa tisa na dakika kumi. Mbona umenuna?"

"Papa, unanicheka? Hapo hakuna kitu."

Akavua miwani, akaitazama saa. Akaivaa tena, akaitazama. Kisha akaangua kicheko, akanivika miwani yake. Tarakimu zote zilikuwa pale! Nikalaza kichwa begani, zikafifia, zikapotea.

"Karatasi yake iko wapi?"

"Nilidhani ni nailoni."

"Uliuliza nani?"

Nikageuka kuutazama mfereji. Akasema taratibu, "Mutoto, kitu hujui kazi yake, hapana sema hakina kazi."

Ndipo akanieleza. Mwanga hutikisika pande zote. Karatasi ile ni kama kichochoro cha Cimpunda: ukibeba bati, lisimamishe wima utapita, ukililaza utakwama. Saa ina karatasi mbili, na vichochoro vyake vimepishana, kimoja cha wima, kingine cha kulala. Katikati mna kimiminika kinacholigeuza bati ili lipite kote kuwili. Pale umeme unapokizuia kisigeuze, mwanga hukwama, na huko kukwama ndiko tarakimu unayoisoma. Mimi nilikuwa nimebomoa kichochoro cha mbele. Kila kitu kilipita, basi hakikuonekana kitu. Na miwani ya dereva, iliyotengenezwa kukata mng'ao wa lami yenye maji, ilikuwa kichochoro kingine.

Karatasi ya kubandika haikupatikana siku ile. Nikatumwa kwa Papa Cubaka na saa yake pamoja na ile miwani ya kuisomea, niseme ukweli kwa kinywa changu, mzigo mzito kuliko magunia ya Sange.

"Kwa hiyo pile haikukufa?"

"Hapana, Papa. Nilikudanganya."

Akanitazama sana, akaipokea miwani. "Kesho utasimama karibu yangu. Mawe yakija, yaanze na weye."

Jumapili mwamuzi akaingia uwanjani amevaa miwani myeusi. "Arbitre kipofu!" watu wakapaza sauti. "Mumuletee fimbo!" Cimpunda waliongoza kwa bao moja. Mwishoni wao walidai filimbi, Nyantende wakadai dakika. Papa Cubaka, jasho likimtiririka, akaitazama saa kichwa kimelala begani.

"Imepotea! Kijana, imepotea!"

Nikaona watu wawili wameinama kuokota kitu, na uwanja ule haukuwa na maua. Nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote: "Papa, kichwa sawa!"

Akakinyoosha. "Bado dakika mbili!"

Ndani ya hizo mbili Nyantende wakasawazisha. Uwanja mzima ukawa unaimba "Kichwa sawa! Kichwa sawa!", waliookota wakadondosha, na mbuzi akaliwa na timu zote mbili. Mpaka leo Kadutu kuna wazee wanaoniita Kichwa Sawa.

Baadaye tulikata karatasi kwenye kalkuleta iliyokufa. Safari hii niliuliza kwanza. Nilipoizungusha robo duara, tarakimu zikatoka nyeupe juu ya weusi, na Papa Cubaka akakataa katakata nizirudishe.

Juzi binti yangu, anayesoma fizikia, aliniambia siku hizi wanatengeneza vitu vya tabaka juu ya tabaka, nyembamba kuliko ganda la kitunguu, zenye vijimistari visivyoonekana kwa jicho. Tabaka hizo huamua mwanga upi upite, upi urudishwe, upi ugeuzwe. Tabaka moja peke yake haitoshi, akasema, siri iko katika kupangwa kwake. Nikamjibu, hayo nayajua tangu Kadutu. Jifya moja haliinjiki chungu.

Basi, mwanangu, fungua vitu, mimi sikukatazi, nitakukatazaje? Lakini kabla hujabandua, uliza. Kuuliza si ujinga. Ukiwa umeshabandua, usiisingizie pile. Na ukitazama kitu ukaona kitupu, usiseme hakina kitu. Huenda ni wewe uliyelaza kichwa.

Mungu akupe mikono isiyotulia na moyo uliotulia. Siku utakapokosea, akuletee mtu wa kucheka kwanza, kisha akuvike miwani yake. Na akupe sauti ya kusema "ni mimi" kabla watu hawajainama kuokota mawe.