Tuliachiliwa Pamoja, Lakini Nilisikia Aliyoyasema Mume Wangu

Admin, ficha jina langu, huku Kibirichia tunajuana. Nina miaka thelathini na moja, mkulima wa waru, yaani viazi. Watu bado wananiita Mama Kendi ingawa Kendi wangu hayuko.

Alikuwa na miaka miwili. Ukimshika mkono tu, kesho yake ana alama nyeusi. Siku hiyo aliteleza jikoni nikimenya waru, akagonga kichwa. Alilia kidogo, akaendelea kucheza. Jioni akaanza kutapika, na tulipofika hospitali alikuwa amelegea kabisa. Hakuamka. Daktari akaona zile alama, akaita polisi. Hata kumzika sikumzika, nilikuwa seli. Mimi na Baba Kendi tulishtakiwa kwa mauaji.

Tulikaa rumande zaidi ya mwaka, kila mtu kwake. Nilijipa moyo kwamba kuna mtu mmoja duniani anayejua sikumgusa mtoto.

Siku ya Baba Kendi kujitetea, wakili wa serikali alisimama na karatasi. "Uliwaambia polisi mke wako ana hasira, na kwamba alikuwa na mtoto peke yake, hujui alimfanya nini. Haya maneno ni yako?"

Nikamwangalia. Alishika mbao za kizimba, akasema, "Ni yangu."



Baadaye daktari mwingine alieleza kwamba damu ya Kendi ilikuwa na ugonjwa wa kutoganda, hata kuanguka kidogo kungemuua. Jaji akatuachilia. Watu wa kanisa waliimba nje, Baba Kendi akanikumbatia akilia. Mimi nilisimama tu.

Nilirudi naye nyumbani. Miezi ikapita kabla sijamuuliza. Akasema, "Mama Kendi, niliogopa. Polisi waliniambia nikiongea nitaenda nyumbani."

"Lakini uliamini nilimuua?"

Alisukuma kikombe cha chai kando. "Siku zingine niliamini."

Asubuhi yake nilienda kwa mama yangu kule Kanyakine. Hapo ndipo nikajua nina mimba. Sasa Jumamosi anakuja na wazee kunichukua, na mama anasema nishukuru Mungu nina bwana anayenitaka.

Huyu mtoto naye akiwa na damu kama ya Kendi, na aanguke nikiwa naye peke yangu, baba yake ataniangalia vipi? Hasa nyinyi wamama mliozika, niambieni: Jumamosi nipande gari niende naye, ama nibaki?