Verna Dykstra na Mbwa wa Ng'ambo ya Barabara

Mtu yeyote wa Marlow Bend akikwambia kwamba Verna Dykstra alikuwa mwanamke mkimya, jua anakutania. Verna alipika kwenye kantini ya shule yetu mpaka alipostaafu, na sauti yake ilitoka jikoni, ikapita uwanja wa mpira, ikafika kwenye mashamba ya mahindi. Aliwagombeza watoto, akawagombeza walimu, na siku moja akamgombeza mkaguzi wa afya mpaka yule bwana akaketi na kumaliza supu aliyokuja kuikagua. Basi ajabu ni hii: mwanamke huyo huyo alikaa miaka minne bila kufungua mdomo juu ya jambo alilolitaka kuliko yote duniani.

Jambo lenyewe lilikuwa mbwa. Jina lake Otis, dume la kijivu, kichwa kipana, sikio moja limechanika, mpole hadi anakera. Aliishi kwenye kituo cha mbwa na paka wasio na wenyewe, ambacho Verna alikisimamia baada ya kustaafu, bila mshahara, kwa kelele tu na moyo wake. Kituo kiko upande wa mashariki wa Barabara ya Maziwa. Nyumba ya Verna iko upande wa magharibi, mlango ukitazamana na lango la kituo. Na mpaka wa mji unapita katikati ya barabara hiyo, juu kabisa ya mstari wa njano.

Upande wa kituo ni wilaya, na wilaya haina habari na mbwa wa mtu. Upande wa Verna ni mji, na mji ulikuwa na sheria: pitibuli, wale mbwa wa kichwa kipana na taya zenye nguvu, marufuku, pamoja na mbwa yeyote mwenye sura ya kufanana naye. Sheria hiyo ilipitishwa zamani, baada ya mtoto kung'atwa vibaya, watu wakiwa na hofu na hasira, na tangu hapo hakuna aliyeigusa. Baba yake Otis ni nani, hakuna ajuaye. Lakini sura anayo.

Kwa hiyo kila jioni Verna alimfungulia Otis, wakatembea pamoja hadi kwenye mstari, na hapo mbwa akakaa kitako. Verna mwenyewe ndiye aliyemfundisha, tena kwa ukali, maana aliogopa kwamba siku moja mnyama angemfuata hadi barazani na afisa wa mji angekuja na kamba yake. Alimpapasa kichwa, akamwambia, "Kesho, mzee," akavuka peke yake. Otis alibaki pale pale akimtazama mpaka taa ya jikoni iwake. Ndipo Lonnie Stroud, dereva wa malori mstaafu aliyekuwa akisafisha vizimba, akamrudisha ndani. Mimi niliwahi kuona mara moja tu, na sikutaka kuona tena.

Sasa Otis alikuwa anazeeka. Nyonga zilimkaza asubuhi, na sakafu ya kituo ni saruji. Majira ya baridi ya Iowa, jimbo letu, hayana huruma kwa mifupa ya yeyote. Verna alikuwa na jiko la kuni, na mbele yake blanketi lililokunjwa vizuri, ambalo halijawahi kulaliwa na kiumbe yeyote.

Utauliza, mbona hakwenda kusema kwa madiwani? Kwa sababu ya kibao. Marehemu mwenyekiti wa kituo, muuza matrekta, mtu mwema lakini mwoga, alikitundika ukutani juu ya birika la kahawa: HAPA HATUZUNGUMZI SHERIA WALA SIASA. Alimweleza Verna kwamba shirika la hisani likitia neno kwenye mambo ya sheria, serikali hulinyang'anya msamaha wa kodi, na mbwa wote watalala nje. Verna aliliamini hilo kama alivyoamini kwamba maji huchemka. Mtu akitaja tu sheria ya pitibuli, yeye alitoka nje kwenda kuangalia bomba.

Mwezi wa kumi, mahindi yakivunwa, akaja Bi Obermeyer kutafuta paka. Huyu alikuwa mgeni mjini, mama mwenye miwani mizito, aliyefanya kazi ya hesabu za mashirika ya hisani katika mji mkuu wa jimbo mpaka akachoka nayo. Akamchagua paka mwenye sura mbaya kuliko wote, kisha akakitazama kile kibao na kuanza kucheka.

"Nani kawaambia hivi?"

"Sheria," Verna akajibu. "Na tafadhali mama, tusizungumze."

"Sheria ipi? Mwenzangu, mnaruhusiwa kusema. Nendeni kwa madiwani, waambieni ile sheria ifutwe, leteni watu. Mradi kazi hiyo isije ikawa sehemu kubwa ya shughuli zenu na fedha zenu. Mnatumia kiasi gani kwa siasa?"

"Hatutumii kitu."

"Basi mna nafasi tele. Kitu mnachokatazwa kabisa, hata chembe, ni kumpigia mtu kampeni. Mgombea msimguse. Sheria semeni mpaka mkauke koo."

Verna alikaa juu ya gunia la chakula cha mbwa. Lonnie alifunga bomba la maji alilokuwa akioshea vizimba.

"Tena wewe," Bi Obermeyer akaendelea, huku paka akimpanda begani, "wewe unaishi mjini, sivyo? Kwa jina lako mwenyewe, kama mkazi, ungeweza kusema siku yoyote ile. Hakuna aliyekuziba mdomo."

  Verna akasimama, akakibandua kibao ukutani pamoja na kipande cha plasta, akasema, "Lonnie, niletee simu."

Wiki zilizofuata Marlow Bend haikulala. Nasema kweli, mji ulichangamka kuliko wakati wa maonyesho ya kilimo. Verna alipiga simu kwa kila aliyewahi kula chakula chake shuleni, yaani mji mzima. Aliwakamata watu kanisani, kwa kinyozi, kwenye foleni ya benki. Alioka pai za tufaha akawapelekea wazee wa klabu ya karata, akakaa nao hadi wakakubali kuja kikaoni. Usiku usingizi ulimkimbia kwa furaha, na asubuhi alikuwa wa kwanza langoni akimsomea Otis hotuba yake.

"Mbona unamsomea mbwa?" Lonnie akamtania.

"Kwa sababu hakatizi watu kama wewe."

Madiwani wetu ni watano, na ili sheria ibadilike zinahitajika kura tatu. Wawili walisema ndiyo. Mmoja alisema hapana na kufunga mlango. Ardis Fenn, mama wa posta, alisema hapana bila kufunga mlango, na sababu yake kila mtu aliijua: mtoto aliyeng'atwa miaka ile alikuwa mpwa wake. Wa tano ni Dale Brandvold, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Huyu alipenda mbwa, alisema ndiyo hata kabla ya kuulizwa. Kura tatu, basi. Verna alinunua kola mpya.

Jumamosi moja Brandvold akafika kituoni na mpiga picha, na mkononi ana bango la kampeni yake, maana uchaguzi ulikuwa umekaribia na mpinzani wake alikuwa anamkimbiza.

"Verna, dada yangu, simama hapa langoni, chini ya jina la kituo. Otis katikati, mimi huku. Picha moja tu. Wapenda mbwa wa mji huu wote watajua kituo kiko na nani."

Verna aliutazama mkono wa diwani uliokuwa tayari unachomeka bango kwenye uzio. Kura yake ndiyo ya tatu. Hakuhitaji kukumbushwa.

"Siwezi, Bwana Diwani."

"Huwezi vipi? Mimi niko upande wako."

"Ndiyo, na nashukuru. Lakini kituo hakina mgombea. Tunasema sheria, hatusemi watu."

"Ni picha, Verna, siyo ndoa."

"Siwezi."

Brandvold alicheka, kisha akaona kwamba hatanii. Uso ulimbadilika. "Haya. Basi na mimi nitaifikiria upya kura yangu." Akaondoka, mpiga picha akimfuata.

Lonnie nusura alie. "Mama wee, ungefumba macho tu. Picha! Nani angejua?"

"Mimi."

"Otis hatakuuliza kuhusu kodi."

"Otis hana kodi. Wale mbwa wengine ishirini wanaokula kwa msamaha huo je, niwaambie nini?" Akaingia ndani akajifungia chooni, na huko, Lonnie anaapa, alilia kwa sauti ya mtoto.

Asubuhi ya Jumatatu bango lilikuwa pale kwenye uzio. Labda lilisahauliwa, labda lilirudishwa, sijui na simsingizii mtu. Verna aliling'oa, akaliweka begani, akalibeba kwa miguu barabara kuu nzima, mvua ikimnyeshea, mpaka mlangoni pa duka la Brandvold, akaliegemeza ukutani kwa adabu. Watu walitoka madukani kutazama. Dirisha la posta nalo lina kioo kikubwa.

Kikao kilikuwa Jumanne jioni. Ukumbi ulijaa, wengine wakasimama ukutani na makoti yao. Kila msemaji hupewa dakika tatu, na kwenye meza kuna taa ya kijani, ya njano na nyekundu. Verna alifika mbele akiwa amevaa gauni la mazishi, maana ndilo zuri alilo nalo, na karatasi ya hotuba akaikunja na kuitia mfukoni.

"Mimi mnanijua," akasema. "Nimewalisha nyote. Leo nasema kwa niaba ya kituo, na nasema pia kwa niaba yangu. Sheria hii inamhukumu mbwa kwa kichwa chake. Mimi maisha yangu nimeng'atwa mara moja tu, na aliyening'ata ni kale kambwa keupe ka mchungaji."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mchungaji akainama kutazama viatu vyake.

"Hakuna aliyempiga marufuku. Sisemi mbwa hawang'ati. Mtoto wa watu aliumia hapa, na aliyeogopa ana haki ya kuogopa. Nasema, mbwa aking'ata, mchukueni, na mwenye naye alipe na awajibike, awe mbwa mkubwa awe wa kubebwa kwenye mkoba. Muulizeni amefanya nini. Msimuulize anafanana na nani." Taa ikawa njano. "Nimekaa kimya miaka minne kwa ujinga wangu. Nina mbwa mzee ng'ambo ya barabara, nataka alale kwangu kabla hajafa. Ndiyo hayo." Akarudi kuketi kabla ya nyekundu, na hilo peke yake lilikuwa habari mjini.

Kura ikaanza kuitwa. Ndiyo. Ndiyo. Hapana. Kisha Brandvold, akitazama dari: "Mimi naona nisipige kura."

Lonnie alitoa neno ambalo siliandiki. Verna alijikuta ameshika kola mpya ndani ya mkoba wake, ameikaza mpaka vidole vinamuuma.

Akabaki Ardis Fenn.  Alivua miwani.

"Verna, nina swali. Kwa nini ulilibeba lile bango mvuani?"

"Halikuwa letu, Bi Fenn."

"Ulijua anayo kura unayoitaka?"

"Nilijua."

Ardis aliitikia kwa kichwa taratibu. "Mimi nilikuja hapa nikiamini kituo kimeshakuwa ofisi ya kampeni ya mtu, na kwamba mkiahidi mwenye mbwa atawajibika, mnaahidi ili mpate kura tu. Bado nawaogopa mbwa hawa. Mpwa wangu mpaka leo hawezi kukunja vidole viwili. Nikimwona huyo wako nitavuka barabara." Akavaa miwani. "Lakini mtu anayeshika kanuni inayomuumiza yeye mwenyewe, naamini atashika na hiyo ya kuwajibika. Andikeni kwenye sheria kwamba mwenye mbwa aliyeng'ata atawajibika bila visingizio. Mkiandika hivyo, kura yangu ni ndiyo."

Wakaandika. Kelele zilizofuata zilisikika, nadhani, hadi wilaya jirani. Bi Obermeyer alimkumbatia mchungaji kwa makosa.

Lakini kwetu sheria haianzi kazi mpaka ichapwe gazetini, na gazeti letu hutoka Alhamisi. Verna alingoja. Alhamisi hiyo alikuwa mlangoni kwa mchapishaji kabla hapajafunguliwa, akapata nakala ya kwanza, wino bado unachafua vidole, akaenda moja kwa moja kituoni. Akamvalisha Otis kola. Wakatembea pamoja hadi kwenye mstari wa njano.

Na Otis akakaa kitako.

Verna akavuta kidogo. Mbwa akamtazama, hakuinuka. Alikuwa amefundishwa vizuri. Verna akavuka hatua mbili, akageuka, na mdomo wake, kwa mazoea, ukaanza kusema kesho. Akajizuia, akajiziba kwa mkono, na hapo ndipo machozi yalipomtoka, katikati ya barabara, asubuhi kweupe. Gari likaja, likielekea mjini, likasimama. Alikuwa Ardis Fenn akienda kazini. Hakupiga honi. Alizima injini.

Verna akapiga magoti kwenye lami, gauni na yote, akamnyooshea mikono.

"Otis," akasema. "Twende nyumbani."

Neno hilo mbwa hakuwa amewahi kuambiwa. Alitazama mstari, akamtazama mama yule, akatazama mlango uliokuwa wazi nyuma yake, ule aliokuwa akiukodolea macho kila jioni. Nyonga zilimchelewesha kuinuka. Kisha akavuka.