Mama Jicho na Mpimaji wa Mikoa

Kile kiwanda cha chupa za dawa kilikuwa na mashine nyingi, lakini jicho lilikuwa moja tu, na ndilo lililompa mama huyu jina: Mama Jicho. Miaka ishirini na sita amekaa kwenye stuli mbele ya taa nyeupe, chupa zinapita, yeye anachomoa zenye kasoro. Stuli hiyo imemlelea watoto watatu, na wa mwisho bado yuko chuoni. Basi mtu akiikaribia, Mama Jicho humtazama mara mbili.

Siku moja akaja bwana mmoja wa wizarani, tabasamu hadi magego, tableti mkononi. Meneja akasema mgeni huyu anapima mikoa, upi uko tayari kwa viwanda vya kidijitali, na wao wamechaguliwa kuuwakilisha mkoa wao. Eti kupima! Machale yakamcheza Mama Jicho. Kila akichomoa chupa, yule bwana anagusa tableti.

"Unaandika nini, mwanangu?"

"Kawaida tu, mama. Alama za mkoa."

"Na mkishapata alama?"

"Mkoa wenye alama nzuri unaletewa mashine mpya."

"Na mimi naletewa nini?"

Mpimaji akacheka kidogo, kisha akainamia tableti yake kama anayetafuta sindano.

Mchana wifi yake, wa idara ya kufungasha, akamvuta kando. "Wifi, hawa hawapimi mkoa, wanatupimia kaburi. Kesho jifanye kipofu. Mbovu ziache zipite. Wakiona hapa hakuna kitu, watakwenda zao."

"Nijifanye kipofu mimi, na jina hili?"

"Kwani jina linaliwa?"

Lo! Akamkumbuka mwanawe wa chuoni, akakubali shingo upande.

Asubuhi mpimaji akaleta chupa mia moja. "Kumi ni mbovu, mama, nimezichanganya mwenyewe. Ukizikamata zote, tutajua kazi hii ina mwalimu."

Mwalimu wa nani? Mama Jicho alishajua. Ya kwanza yenye ufa ikapita, akajitia kuangalia pembeni. Wifi, aliyekuwa akichungulia mlangoni, akajikohoza kwa furaha. Ya pili nayo ikapita. Ya tatu ilikuwa na kipande cha kioo, chembamba kama unywele, kimening'inia ndani ya shingo. Na hizi ni chupa za dawa ya kikohozi ya watoto. Mkono ukaruka wenyewe.

"Potelea mbali!" akafoka, akainuka kuzifuata na zile mbili alizoziachia. "Hii, na ile, na ile! Watoto wa watu wanywe vioo kwa sababu ya alama zenu?"

Baada ya hapo hakuna kilichompita. Akachomoa kumi na moja.

"Ni kumi, mama," mpimaji akamsahihisha.

Akamwinulia ya kumi na moja kwenye taa. Bwana yule akakodoa macho, akaigeuza, akakodoa tena, ndipo akauona ufa. Meneja akapiga makofi. Wifi hakupiga.

"Hongera, mama. Mkoa wenu umepita."

"Na hiyo mashine mtaiweka wapi?"

Tabasamu la mpimaji likafifia. Akaitazama stuli.

"Hapo, mama. Lakini si leo. Kwanza utaifundisha."