Mbwa-Munyu wa Bi Mwanamwema

Nnaandika kwa hasira, wala siombi radhi. Bi Mwanamwema wa Uzimbwa, kusini huko, nimekua naye. Tangu nimfahamu anafuga mbwa-munyu, na kabla yake mama yake. Asiyewajua nimwambie: munyu ni chumvi, naye ni mbwa wa kijivu, masikio mapana kama majani ya mkungu, hawindi wala habwekei mtu. Hubwekea maji ya chumvi tu. Bamvua, yale maji makuu ya bahari, likitaka kuingia bonde la mpunga, yeye husimama tutani akabweka, na bahari ikarudi ilikotoka. Uzimbwa nzima inakula wali kwa mdomo wa mbwa yule.

Shukrani yao? Kumwita "Bi Saba," kwa kuwa kila akiguswa na mate ya mbwa hujiosha mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofunzwa chuoni. Mikono safi kuliko yao, lakini harusini hutengewa sahani yake peke yake. Nimeyaona kwa macho yangu. Na aliyezidi wote ni Suhail wa Mpendae, mtoto wa marehemu dada yake. Tangu ajenge ghorofa, humsalimu kwa mbali: "Shikamoo, mama mdogo. Usinisogelee, nshatawadha!"

Basi mwaka huu, mpunga unaanza kupiga manjano, Bi Mwanamwema akaenda mazikoni Mtoni. Kurudi, mbwa hayupo. Suhail kaja na gari, kamchukua, kamfunga mnyororo getini kwake ili wapita njia waone ana mbwa adimu. Mbwa wa kulinda shamba dini imemruhusu. Wa kujionyeshea nani kamruhusu? Na bamvua ndilo hilo linakuja.

Akanipitia Michenzani, ncha ya kanga kaipiga fundo. "Twende," akasema. Nikavaa viatu.

Kwa Suhail tulikuta kelele. Kisima cha Suhail kina maji ya chumvichumvi. Mbwa kayanusa, kayabwekea, yakazama chini yasionekane. Suhail kasimama uani, mkono kaunyoosha mbali na mwili kama si wake. Mbwa kamramba. Mkewe Khairiya kamfungia mlango.

"Mama mdogo, nsaidie maji! Hata kata moja!"

"Utaoshea mara ngapi, baba?"

"Saba."

"Ahaa! Kumbe na wewe unaijua saba." Akafungua fundo la kanga, akamwagia udongo wa bonde ukingoni mwa kisima. "Huo wa mara moja. Maji katafute."

Jirani mmoja akapiga kigelegele juu ya ukuta. Bi Mwanamwema hakucheka. Alifungua mnyororo, tukaondoka mbio.

Tulichelewa. Bahari ilikwishaingia majaruba ya chini. Mbwa alibweka mpaka sauti ikamkauka, maji yakarudi, bonde likapona, isipokuwa yale ya chini yaliyoungua kwa chumvi. Ya chini ni ya nani? Yake yeye.

Watu wamevuna. Hapana hata mmoja aliyempelekea pishi, nami nnaliandika hili walisome.

Siku ya khitma ya mavuno Suhail akaja na magunia matupu, kutaka mpunga. Mbele ya watu wote akamnyooshea mkono, safari hii wa kweli: "Shikamoo, mama mdogo."

Bi Mwanamwema akauficha wake ndani ya kanga.

"Marahaba. Usinisogelee, baba, nshatawadha."