Mgeni Niliyemchagua kwa Kukosa Meno

Mwaka ule mvua ilikuwa imetupita misimu miwili, na migomba ya Nyakasimbi ilizaa mikungu ya kumtia mtu aibu mbele ya wageni. Jumapili moja mwinjilisti wetu akasema wazee wasio na watu wasiachwe wafe njaa. Kila nyumba yenye kibanja, yaani shamba la migomba, kinachozaa bado itamchukua mmoja na kumlisha mpaka mavuno.

Wazee walikuwa saba, nyumba kumi na moja. Nilihesabu mara mbili, nikaona kuna nyumba nne zitakazoponyoka, nikafumba macho nikasali kwa bidii ambayo sikuwa nayo tangu Pasaka.

Sala haikufika. Mume wangu alikuwa Uganda akitafuta kibarua, kwa hiyo jina la nyumba lilipoitwa nilisimama mimi, nikapewa kipofu mmoja aliyechunga ng'ombe ujana wake wote. Nilimtazama mabega na viganja, nikaona kibanja changu kimekwisha kabla ya wingu la kwanza.

Jirani yangu, ambaye alikuwa mzee wa kanisa, alipewa bibi mkongwe asiye na jino hata moja. Nikamfuata nje.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Nani kasema nataka kitu? Nakuonea huruma tu. Yule bibi lazima apondewe kila kitu. Huyu wangu ana nguvu, atakutwangia."

"Kama ni mzuri hivyo, kaa naye."

Ilinibidi niongeze kifuko cha chumvi, na siku hizo chumvi ilikuwa adimu kuliko watakatifu. Tukakubaliana. Nilirudi nyumbani na bibi yangu, nikihesabu njiani: mtu asiye na meno, ndizi tatu kwa siku, nne akiwa na furaha.

Kumbe meno si kitu. Siku ya kwanza nilimtandikia jani la mgomba, nikamwekea ndizi nne zilizopondwa na maharage kidogo. Akaliburuta jani lake mpaka mlangoni, akakaa. Alipita mwanamke na mzigo wa kuni.

"Mwanangu, karibu tule," bibi akasema.

Yule hakungoja kuambiwa mara ya pili. Baada yake wakapita wengine wawili. Jani likabaki tupu, na bibi, ambaye alikuwa amekula matonge mawili, akanitazama kama mtu anayengoja chungu kiletwe tena. Nikaleta. Kufikia Jumatano nilikuwa nimelisha watu kumi na mmoja, yaani wanne zaidi ya wale wazee wote saba waliogawiwa kanisani.

Alhamisi nikafunga mlango. Sikuwa wa kwanza. Kijiji kizima kilikula mlango umefungwa mwaka ule, na anayebisha hodi saa ya chakula alijibiwa na kikohozi. Bibi akalikunja jani juu ya chakula chake, akalisogeza kando.

"Kula, bibi. Kinapoa."

"Nimeiba nini, mwanangu, hata nile nimejificha?"

Hakula siku hiyo. Ijumaa hakula. Jumamosi alikunywa maji, akalala akiwa amegeukia ukuta, na nilipomshika mkono nikaona umekuwa mwepesi kama ganda la maharage. Nilikuwa nimemchukua kwa sababu hali sana. Sasa alikuwa ananitimizia hesabu yangu, na angekufa nyumbani mwangu, chungu kikiwa na chakula.

Nikakaa chini karibu naye, kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni, tukaanza biashara.

"Bibi, tuseme wapite wawili tu kwa siku."

"Mimi sihesabu watu."

"Basi mmoja. Mmoja, na mlango wazi."

Akageuka kutoka ukutani, akanitazama. Kisha akasema, "Mmoja. Lakini nitamchagua mimi."

Nikakubali upesi, na mtu anayekubali upesi hustahili anachopata.

"Niitie yule kipofu," akasema. "Huko aliko wanampa makombo nyuma ya nyumba, watu wakishamaliza. Yule mwanamke wa kuni ndiye aliyeniambia."

Nilikwenda kwa jirani. Alimtoa kipofu bila ubishi, tena akamtafutia fimbo. Nikamwambia basi anirudishie chumvi yangu.

"Tulipatana, mama," akasema. "Neno lako liwe ndiyo, ndiyo."

Jumapili iliyofuata mwinjilisti alinisimamisha mbele ya watu wote, akasema tazameni, huyu alipewa mmoja akaomba wawili. Jirani yangu alisema amina kabla ya wengine.

Lakini hiyo ilikuwa baadaye. Jumamosi ile nilifungua mlango, nikatandika jani moja kubwa, nikamkalisha kipofu. Mimi nilikuwa na desturi ya kula jikoni nikiwa nimesimama, karibu na chungu. Bibi akapiga nyasi kwa kiganja.

"Na wewe kaa. Au wewe ndiye mpishi wa gereza?"

Nikakaa. Zilikuwa ndizi kumi na mbili, nikazigawa nne nne. Bibi akala polepole, kwa ufizi, tonge baada ya tonge, nami nikamtazama mpaka alipomeza la tatu. Nilipoinamia sehemu yangu nikahesabu ndizi tano. Nikahesabu tena, tano. Kipofu alikuwa anatafuna. Bibi alikuwa anatazama njiani.

Sikuuliza. Niliila ile ya tano kwanza, kabla mtu hajabadili mawazo.