Nilitoboa ndege mahali si pake, na filler ilikuwa kwa begi

Muga wakuu. Hii si ya kuambiwa, ilinipata mimi mwenyewe. Nikiongeza chumvi, mama yangu yuko Kianjai, muulizeni.

Mimi ni fundi wa mabati. Miaka mingi nilikuwa na yard hapo Meru, karibu na soko la Gakoromone, natengeneza body za pickup na za lori za ndizi. Na nilikuwa moto! Unaleta gari imeliwa na kutu, jioni unaichukua ikiwa mpya, hata bibi yako haitambui.

Mwaka jana nikapata kazi Nairobi, kwa hangar moja ambapo ndege za abiria zilizozeeka zinageuzwa kuwa za mizigo mikubwa.

Nieleze kidogo, kwa sababu hata mimi nilidhani unang'oa viti tu, basi. Wapi! Viti vinatoka, vyoo vinatoka, madirisha yanazibwa, sakafu inaongezwa nguvu. Halafu ubavuni unakatwa mlango, trekta nzima inaingia bila kuinamisha kichwa. Unakata ndege na mkono wako, wakuu!

Kanisa letu Kianjai walinisimamisha mbele wakaniombea. Mama mmoja akanipea jogoo. Nikafunga yard, mashine ya kuchomelea nikamwachia shemeji. Yaani nilikuwa nimeaga kabisa.

Supervisor wetu ni Engineer Wanja, mwanamke wa Runyenjes, kule Embu. Mpole, lakini macho yake! Alikuwa ananichokoza, "Mmeru, hasira uache kwa gate, ndege haichapwi." Mimi namjibu watu wa Embu wanaongea polepole mpaka chai inapoa.

Sasa siku moja natoboa matundu ya rivets, zile pini za kushikanisha bati, kando ya huo mlango mpya. Kila tundu lina alama yake. Nikaona nimeshika mwendo, nikaanza kukisia kwa jicho vile tunafanya kwa pickup.

Tundu moja likakaa karibu sana na ukingo wa bati.

Kai! Jasho lilifika mpaka kwa soksi. Tundu lenyewe dogo, lakini tulikuwa tumefundishwa: hapo ndipo ufa huanzia, ndege ikiwa juu.

Hakuna aliyeniona. Na fundi wa Gakoromone ana dawa ya kila tundu: filler kidogo ya kuziba, msasa, rangi. Filler ilikuwa kwa begi yangu, nilitoka nayo nyumbani kama mtu anayebeba dawa ya kichwa. Nikaanza kuikoroga, siwafichi.

Nikampigia bibi yangu Kathure nikamweleza kwa sauti ya chini. Akauliza, "Hiyo ndege itaendeshwa na nani?"

"Rubani, nani mwingine?"

"Ana watoto?"

Nikakata simu. Nilikasirika naye, kusema kweli.

Nikaenda kwa Engineer Wanja na kile kikopo cha filler mkononi, kama mwizi amejileta na kuku. Nikamwonyesha tundu, nikamwambia na nilichotaka kufanya. Kichwani nilikuwa tayari niko Kianjai, nimesimama kanisani, yule mama wa jogoo ananiangalia.

Akapima. Akapima tena. Akasema, "Mlango umesimama mpaka wenye michoro waseme tutarekebisha vipi." Hangar nzima wakaweka vifaa chini kwa ajili yangu. Aibu, wakuu, aibu tupu.

Halafu akaleta fomu niandike jina langu na kosa langu. Hiyo inakaa kwa faili ya ndege maisha yake yote. Nikaandika, nikaanza kuvua overall.

"Unaenda wapi?"

"Nyumbani."

Akacheka mpaka akashika meza. "Rudisha nguo. Kuanzia kesho, wewe ndiye utakagua matundu ya wenzako kabla yangu. Nimefanya hii kazi miaka mingi. Mafundi ambao hawakuwahi kukosea, wote walinidanganya."

Nilienda choo nikalia kidogo, halafu nikarudi kazini. Ndege ilirekebishwa vizuri, saa hii inabeba mizigo huko, na mimi bado nakagua.

Nilichojifunza ni hiki: miaka yote nilidhani mimi ni stadi wa kutengeneza, kumbe nilikuwa stadi wa kuficha.

Haya, mafundi, wapishi, madaktari, walimu, mkuje hapa chini. Ni kosa gani ulienda kulisema kwa miguu yako mwenyewe? Na yule atasema hana, huyo nimeshamjua.