Utabiri wa Mwalimu Inategemea

Chuoni walimwita Mwalimu Inategemea, na jina lilimkaa kama shati la kushonewa. Mwanafunzi akiuliza kwa nini vijana wanahama mashambani, yeye hukuna kidevu, hutazama dirishani, kisha: "Inategemea." Alifundisha elimu ya jamii katika chumba cha mwisho cha jengo la sayansi, ubavuni mwa stoo ya mifagio, na miaka yote hiyo hakuna aliyemwambia kama yumo humo kwa haki au kwa huruma.

Kero yake ilikuwa mwalimu wa fizikia. Mtu mzuri, lakini mdomo huo! "Mimi nikipasha chuma moto, kinatanuka," alimwambia siku moja wakinywa chai, mbele za watu. "Leo kinatanuka, kesho kinatanuka, hata kikinuna kinatanuka. Watu wako je?" Wote wakacheka. Inategemea naye akacheka, angefanyaje?

Kisha mkuu wa chuo akatangaza kwamba somo lisiloweza kuthibitisha kuwa ni sayansi litafungwa mwisho wa muhula. Akamwita ofisini. Mkuu hakuwa mkatili; alikuwa mtu wa haraka, na wakati mwingine hilo ni baya zaidi. "Mwanasayansi hutabiri," alisema. "Nitabirie jambo moja tu. Likitokea, nitakutetea."

Inategemea alitoka pale na hofu. Umri ulishakwenda, na kazi nyingine hakuijua. Alichokijua ni soko la wazi nyuma ya kituo cha mabasi. Alikuwa amelichunguza miaka mingi, anajua nani humshikia nani nafasi, nani humuuzia mwenzake akiugua. Sasa wakuu wa mji walikuwa wamejenga soko jipya la ghorofa, wakawataka wauzaji wote wahamie humo kabla mwezi haujaisha. Aliwaza siku nzima, akarudi kwa mkuu na kusema bila kukuna kidevu: "Wauza vyombo hawatahama. Wanaishi kwa kuegemeana bega, na kule kuna kuta."

Jioni alikwenda kula kwa dada yake. Huyo dada ndiye aliyemlea na kumsomesha, kwa kuuza sufuria na mabeseni katika soko hilo hilo. Kila mwaka Inategemea aliwaonya wanafunzi wasiwaambie watu wanaowachunguza wanachotarajia kuona, kwa sababu chuma hakisikii, watu wanasikia. Aliijua sheria hiyo kuliko jina lake. Lakini hofu haina adabu.

"Dada, nimemwambia mkuu wa chuo kwamba hamtahama. Mkihama, mimi sina kazi."

Alipolisema tu, alitamani kulirudisha mdomoni. Dada yake hakushtuka wala hakuuliza. Alimwongezea mboga. "Kula, wewe. Utakonda bure."

Mwezi ukaisha. Wauza nguo walihama, wauza nafaka wakahama, mafundi viatu wakahama na vigoda vyao. Wauza vyombo hawakuhama. Mkuu alikwenda kujionea kwa macho yake. Mwalimu wa fizikia akamshika Inategemea mkono kwa mikono yake miwili. "Leo umeniziba mdomo, ndugu yangu. Hiyo ni sayansi."

Inategemea alikwenda sokoni kifua mbele. Alimkuta dada yake juani, sufuria zimepangwa vizuri, mnunuzi hakuna hata wa dawa.

"Dada, kwa nini hamkuhama?"

"Unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza kama mtafiti."

"Mtafiti!" Alicheka kidogo. "Sisi tulishachagua vyumba kule, vyote mstari mmoja, tukae pamoja. Nikawaambia wenzangu, mdogo wangu atafukuzwa tukihama. Wakasema, mdogo wako ni mdogo wetu, tubaki."

"Na vyumba?"

"Wamepewa wengine. Kesho tingatinga linakuja kusawazisha hapa."

Kumbe alikosea. Wangehama wote, tena kwa furaha, na utabiri wake ungeanguka mchana kweupe. Hakuna chuma kilichowahi kutanuka kwa kumhurumia mwenye moto. Alikimbia hadi chuoni, akaingia kwa mkuu bila kubisha hodi.

"Nilikosea, mkuu. Wangehama. Wamebaki kwa ajili yangu."

"Ulisema hawatahama, na hawakuhama."

"Lakini sababu..."

"Mwalimu, nimeshakutetea kwenye bodi ya chuo, wamekubali. Usinirudishe nyuma."

"Basi nisaidie tuwaombee vyumba."

Mkuu alimtazama kwa upole wa kweli. "Hilo sasa," alisema, "si la sayansi."

Asubuhi tingatinga lilianzia upande wa kituo cha mabasi. Inategemea alikuwepo, suti imejaa vumbi, anabeba mabeseni asijue anayapeleka wapi. Alikuwa amekata tamaa kabisa, na kwa aibu hakuweza kuwatazama usoni wanawake wale wauza vyombo. Mmoja wao, mzee kuliko wote, akatua furushi lake la vikombe.

"Mwanangu, hebu tuambie. Kazi wamekuachia?"

Wote wakasimama na mizigo yao kumsikiliza. Inategemea alimtazama dada yake. Dada yake alikuwa anasubiri jibu kama wengine.

"Wameniachia," akasema.

Wakapiga vigelegele.